Watoto wetu wamwombe Mungu kwa lugha ipi?

Yako maswali ambayo mwalimu huyajibu kwa ufasaha mbele ya wanafunzi mia mbili, lakini yakimkabili nyumbani kwake humkausha ulimi. Nimefundisha isimu kwa karibu miaka kumi na minne sasa. Nimesimamia tasnifu kuhusu kufifia kwa lugha, nimehudhuria makongamano, nimeandika makala. Hata hivyo, siku nilipoutambua uzito halisi wa suala hili sikuwa chuoni. Nilikuwa nimeketi sebuleni kwa wakwe zangu, viungani mwa mji wa Malaba, nikisikiliza yaliyokuwa yakiendelea jikoni.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka 2022. Kwa adabu ya ukwe, mimi na mama mkwe hatuli pamoja. Nilitengewa meza yangu sebuleni, naye akaketi mkekani na wajukuu wake. Ugali wa wimbi na muhogo ulipokwisha kuandaliwa, bibi alimwomba kifungua mimba wetu, wakati huo akiwa na umri wa miaka saba, abariki chakula. Mtoto hakusita. Alitoa sala fupi kwa Kiingereza, ileile aliyofunzwa shuleni, akaimaliza vizuri. Kimya kikatanda. Kisha nikamsikia bibi akimuuliza mke wangu kwa Kiteso, kwa sauti ya chini, mtoto amesema nini. Mke wangu akamfasiria. Ndipo bibi naye akaitikia "Amina", peke yake, wakati watoto walikuwa wamekwisha kuanza kula.

Kisa chenyewe ni hicho tu. Hakuna aliyegombezwa wala aliyetukanwa. Lakini jioni ile, tukiwa njiani kurudi Busia, mke wangu aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Baba watoto, leo mama yangu amehitaji mkalimani ili aombe na wajukuu wake."

Msomaji atauliza: imekuwaje hata mwalimu wa lugha akafikwa na hayo? Jibu ni jepesi na la kufedhehesha. Mimi ni Mkhayo wa upande wa Busia, mke wangu ni Mteso. Lugha yangu ni ya Kibantu, yake ni ya Kinailoti, na baina yao hakuna undugu wa karibu kuliko ule ulioko baina ya Kiswahili na Kijaluo. Tulipokutana chuoni tulizungumza Kiswahili na Kiingereza, na tulipooana tuliendelea na hizohizo. Watoto wetu watatu walikuwa na haki ya kurithi lugha nne. Tumewarithisha mbili.

Jambo hili ni la ajabu zaidi ukizingatia mahali tunapoishi. Mpaka wa Busia na Malaba ni miongoni mwa sehemu zenye lugha nyingi mno katika nchi yetu. Wamo Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wanyala, wote wakihesabiwa katika kundi la Waluhya. Wamo Wateso, wamo Wajaluo, na wamo wafanyabiashara kutoka kila pembe. Hadi mwaka 1902 eneo hili lote lilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Mpaka ulipohamishwa mwaka huo, Wateso na Wasamia waligawanywa, ndugu huyu akawa huku na yule kule. Malori yanayopita hapa huelekea Kampala, Kigali na Kongo. Mtoto anayeuza karanga kandokando ya foleni ya malori pale Malaba hubadilisha lugha tatu kabla hajapokea shilingi ya pili. Wangu, wenye baba mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, hawawezi kumwambia nyanya yao kwamba chakula kimekuwa kitamu.

Siku chache baada ya Krismasi ile, mimi na mke wangu tuliamua kwamba tutaanza kwenda kanisani sote watano, kila Jumapili. Sitaki kujifanya mcha Mungu kuliko nilivyo. Sote wawili tulibatizwa katika dhehebu moja, na watoto tuliwabatiza wangali wachanga, lakini tulikuwa tumeacha. Machi 2020, ulipozuka ugonjwa wa Korona, nyumba za ibada nchini zilifungwa. Zilipofunguliwa Julai mwaka huohuo, zilifunguliwa kwa masharti: waumini wasizidi mia moja, ibada isizidi saa moja, na watoto walio chini ya miaka 13 pamoja na wazee waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Masharti hayo yalikuwa na busara yake ya kiafya. Nayataja kwa sababu mbili. Kwanza, familia nyingi zenye watoto wadogo, yetu ikiwamo, zilipewa sababu ya kutokwenda, zikaigeuza mazoea hata sababu yenyewe ilipokwisha. Pili, ukiyatazama kwa jicho la isimu, waliozuiliwa walikuwa bibi na mjukuu, yaani ncha mbili za uzi ambao kwao lugha hupitishwa.

Jumapili yetu ya kwanza haikwenda vyema. Tulichagua kanisa moja mjini lenye ibada ya Kiingereza, kwa kuwa tulidhani hapo watoto wangeelewa. Hatukukaa hata robo saa. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka mitatu, aliuliza kwa sauti kubwa kwa nini mzee aliye mbele amevaa gauni. Mhudumu alitujia kwa tabasamu na kutueleza kwamba watoto wana chumba chao nyuma, chenye walimu na runinga, ili wazazi wapate kusikiliza kwa utulivu. Wakaondolewa. Mimi na mke wangu tukabaki na utulivu wetu, tukitazamana. Tulikuwa tumetoka nyumbani sote watano ili tuombe pamoja, na sasa tumekaa wawili.

Simlaumu mhudumu yule. Alikuwa akifanya kazi yake kwa wema. Isitoshe, hatuna budi kukiri kwamba mafunzo ya watoto ya Jumapili yana historia ya heshima. Robert Raikes alipoyaanzisha katika mji wa Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, alikusudia watoto maskini waliofanya kazi siku sita za juma, wasio na shule nyingine ya kuwafunza kusoma. Kwa watoto wale, chumba hicho kilikuwa mlango wa elimu. Lakini watoto wetu wanakwenda shule siku tano. Hawahitaji siku ya sita ya kutenganishwa na wazazi wao na kuwekwa pamoja na wenye umri sawa nao, mbele ya runinga.

Hebu tulinganishe na yaliyotokea Wales, jirani ya huyohuyo Raikes. Huko mafunzo ya Jumapili hayakuachiwa watoto tu. Watu wazima nao waliketi madarasani, mzee akisoma na kijana akisoma, na lugha ilikuwa Kiwelisi, kwa kuwa Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa katika lugha hiyo tangu mwaka 1588. Wanahistoria wa lugha hukubaliana kwamba Biblia ile na madarasa yale yalichangia sana kukiweka hai Kiwelisi, ilhali lugha dada zake, kama vile Kikornishi, zilikuwa zikizimika. Siri haikuwa kanisa peke yake. Siri ilikuwa kwamba vizazi viwili au vitatu vilikaa pamoja, wakitumia lugha moja kwa jambo walilolithamini.

Hata kwetu hapa, kanisa na lugha viliingia mlango mmoja. Waganda waliwaita Wakristo wa mwanzo "abasomi", yaani wasomaji. Wakikuyu wakawaita "athomi", Wajaluo "josomo". Kuwa Mkristo kulikuwa kusoma, na kusoma kulianzia katika lugha ya mtu. Agano Jipya la Kiteso lilichapishwa mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1961. Upande wa Waluhya, Walogooli walipata Biblia yao mwaka 1951, na Biblia ya Kiluhya cha pamoja ikatoka mwaka 1975. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati yake ya Desemba 1963 juu ya liturujia, uliwafungulia Wakatoliki njia ya kusali kwa lugha za wenyeji badala ya Kilatini. Waanglikana walikuwa wamelikubali jambo hilo tangu karne ya 16, wakisisitiza kwamba sala za hadhara ziwe katika lugha inayofahamika na watu. Waliotutangulia walitumia miaka mingi ya kazi ya kalamu na kamusi ili nyanya wa Malaba aweze kusali kwa Kiteso. Sisi tumeyafuta hayo kwa kizazi kimoja, tena bila kukusudia.

Nilipomsimulia haya mwenzangu mmoja chuoni, alinipinga kwa hoja mbili ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza: kuwarudisha watoto katika lugha ya kijiji ni kuwafungia dunia. Hoja hii huifahamu kila mwalimu, kwa kuwa wazazi huitoa kila siku. Jibu lake limekwisha kutolewa mara nyingi, tangu ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 juu ya lugha za wenyeji katika elimu: mtoto hapotezi lugha ya pili kwa kuijua ya kwanza. Hapa nchini Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 unaendelea kuzipa lugha hizo nafasi katika madarasa ya mwanzo. Wangu wana Kiingereza cha kutosha, na watakuwa nacho zaidi. Ninachokihofia ni kinyume chake. Kiingereza watakipata popote. Kiteso cha bibi yao hawatakipata baada ya bibi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: je, ibada ya lugha ya kabila haizai ukabila? Hapa sina budi kukiri kwamba hatari ipo. Tunapohudhuria ibada ya Kikhayo kwa mama yangu, mke wangu hukaa kama mgeni. Tunapohudhuria ya Kiteso, mgeni ni mimi. Ikiwa kila mmoja wetu angeng'ang'ania ya kwake, tungekuwa familia moja yenye makanisa mawili. Katika mji wa mpakani, ambako dereva wa lori kutoka Mombasa anaweza kukaa benchi moja na mchuuzi kutoka Tororo, lugha ya kuwakutanisha wote ni Kiswahili, na si ajabu kwamba hata serikali ya Uganda ilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Neno lenyewe "kanisa" tulilipokea kutoka kwa Kiarabu, nacho kilitwaa kutoka lugha jirani za Kisemiti katika mzizi wenye maana ya kukusanya. Mahali panapotawanya watu hapastahili jina hilo.

Kwa hiyo tulipanga hivi. Jumapili mbili za kila mwezi twende ibada ya Kiswahili mjini Busia, ambako sote watano tunaelewa. Jumapili moja twende kijijini kwa mama yangu. Jumapili moja twende Malaba kwa wakwe. Na popote tutakapokuwa, watoto watakaa nasi, si katika chumba cha nyuma. Nisiufiche ugumu wake. Nauli ya watu watano si mchezo. Kitinda mimba ameangusha sadaka ikalia sakafuni kote, na mtoto wa kati amelala katika mahubiri mengi kuliko alivyosikiliza. Huko Malaba wanawake hukaa upande mmoja na wanaume upande mwingine, hivyo hata "pamoja" yetu ilibidi tuielewe upya: mimi na kifungua mimba huku, mama yao na wawili wadogo kule, karibu na bibi. Mwanzoni nilisikitika. Kisha nikagundua kwamba hao wawili, kwa kukaa ubavuni mwa bibi, walikuwa wakinong'onezwa kwa Kiteso saa nzima.

Ilikuwa katika mwezi wa tatu ambapo mtoto wa kati alinijia na uvumbuzi. "Baba," akasema, "kwa Kukhu na kwa Tata wanaanza kwa neno moja." Kukhu ndivyo wamwitavyo mama yangu kwa Kikhayo, Tata ndivyo wamwitavyo bibi yao kwa Kiteso. Nilimuuliza neno gani. Akajibu, "Papa." Nilinyamaza, maana alikuwa amesema kweli na mimi sikuwa nimeliona. Sala aliyoifundisha Yesu, kwa Kiluhya na kwa Kiteso, huanza kwa neno "Papa", yaani baba. Lugha mbili zisizo na undugu, na neno la kwanza ni lilelile. Roman Jakobson, katika makala yake mashuhuri iliyochapishwa mwaka 1960, alieleza kwa nini lugha nyingi za dunia zina "mama" na "papa" zinazofanana: hizo ni sauti ambazo mdomo wa mtoto mchanga huziweza mapema, nao wazazi huzipokea kana kwamba wameitwa wao. Nimeifundisha makala hiyo kila mwaka. Mtoto wa miaka sita aliifikisha nyumbani: sala ya wazee wetu inaanza kwa neno la mtoto.

Lakini nisijivune. Jumapili moja huko Malaba katekista mzee alinikuta, baada ya ibada, nikiandika katika daftari. Nilikuwa nimenasa mifano kadhaa ya viambishi vya Kiteso kutoka katika mahubiri yake, nami nilifurahi sana. Alinitazama akauliza, "Mwalimu, leo ilisali kalamu au ulisali wewe?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza: "Kama watoto unawaleta wajifunze Kiteso tu, wapeleke sokoni. Huko kinasemwa kutwa nzima. Hapa tunakisema saa mbili, tunarudi nyumbani."

Nimeyatafakari maneno yale mara nyingi, nami naona mzee yule alisema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la imani, nami namwachia Mungu na dhamiri yangu: ibada si maabara. La pili ni la isimu, nalo ni sahihi kabisa. Kanisa peke yake haliokoi lugha. Kikopti kingali kinasaliwa nchini Misri, na Kigeez kingali kinasaliwa Ethiopia na Eritrea, lakini hakuna mtoto anayekililia kikombe cha maziwa kwa lugha hizo. Zilibaki madhabahuni baada ya kutoka jikoni. Joshua Fishman, katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya kuzirejesha lugha zinazodidimia, alishikilia hoja hiyohiyo: shule, redio na kanisa ni nguzo za nje, lakini moyo wa lugha ni nyumba ambamo mzazi humkabidhi mtoto. Tukienda kanisani kwa Kiteso na kurudi nyumbani kwa Kiingereza, tutakuwa tumejenga Kikopti chetu wenyewe pale Malaba.

Ndiyo maana, tangu siku ile, daftari hubaki nyumbani. Badala yake tumeongeza kanuni moja ndogo. Tukitoka kwa bibi, safari ya kurudi Busia, ya kilomita kama thelathini, huwa ya Kiteso hadi tufike. Mimi mwenyewe hukwama kabla hatujafika Alupe, na watoto hunicheka. Kuchekwa na watoto kwa sababu ya kutojua ni somo ambalo kila mwalimu angepaswa kulipata mara moja kwa mwezi.

Wenzangu walimu, hasa ninyi mnaofundisha madarasa ya mwanzo huku mpakani, mtaala umewapa kipindi cha lugha ya mama, nanyi mnajua ni mara ngapi kipindi hicho huliwa na Hisabati. Msikiache kiliwe. Mpeni mwanafunzi kazi ya nyumbani ambayo hawezi kuifanya bila kumuuliza nyanya yake. Nanyi wanafunzi wa vyuo, mnaorudi likizo mkiwa na istilahi nyingi, jaribuni kuketi benchi moja na wazee wenu siku ya ibada, iwe ni kanisani au msikitini, na mtoke na neno moja ambalo hamkuingia nalo. Na wazazi wenye watoto wadogo, wachukueni pamoja nanyi. Watapiga kelele. Watalala. Watauliza kwa nini mzee amevaa gauni. Wajibuni kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani.

Pasaka iliyopita tulikuwa tena kwa wakwe. Mimi nilikuwa sebuleni mezani pangu, wao mkekani. Bibi alimwomba kifungua mimba abariki chakula. Alianza, "Papa," akaenda maneno matano au sita ya Kiteso, akakwama. Akamalizia kwa Kiswahili. Nusu huku, nusu kule. Lakini "Amina" ya bibi safari hii haikuchelewa, wala haikuwa peke yake.